Usitupe Kichwa cha Samaki, Mtoto Hajashiba



Kila mmoja wetu aijua habari ya Bwana wetu Yesu Kristo alipowalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Tumeisikia kanisani tangu utoto wetu. Lakini yafaa tuitazame tena ile sehemu ya mwisho, ambayo mara nyingi twaipita haraka. Watu walipokwisha kula na kushiba, Bwana hakuwaambia wanafunzi wake kwamba kazi imekwisha, waende zao. Aliwaagiza wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee hata kimoja, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kulisha umati kwa chakula cha mtoto mmoja, ndiye aliyekataza makombo yasitupwe.

Leo nataka kusema nanyi juu ya makombo ya samaki: vichwa, miiba, mapanki, na chenga za dagaa zinazobaki chini ya gunia. Tena nataka kusema juu ya vitafunwa vya watoto wetu: maandazi, bagia, vitumbua, kashata na matobolwa. Mambo haya mawili yaonekana kama hayana ujamaa. Mimi nasema yana ujamaa mkubwa, na mama atakayeyaunganisha jikoni mwake atakuwa amemtendea mtoto wake jambo jema sana, kwa gharama ndogo.

MTOTO ALIYEONDOLEWA TITINI

Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo yaitwa Ghana, aliandika katika gazeti la madaktari habari za ugonjwa wa watoto wadogo. Miguu yavimba, nywele zageuka rangi na kuwa nyekundunyekundu, ngozi yachubuka, na mtoto hununa tu, hataki kucheza. Aliutaja kwa jina walilolitumia akina mama wa huko katika lugha ya Kigaa: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa.

Tazama akili ya akina mama wale. Hawakuwa na vitabu, lakini walikuwa wameona ukweli. Mtoto anaponyonya, apata chakula kizuri kutoka kwa mama yake. Mdogo wake akija, yeye aondolewa titini na kupewa uji mtupu. Tumbo lake lashiba, lakini mwili wake walia njaa. Siku hizi madaktari wajua ya kuwa sababu za ugonjwa huo ni nyingi, wala si upungufu wa protini peke yake. Kuhara, surua na maji machafu vyasaidia kumwangusha mtoto. Hata hivyo uji mtupu bado ni mwanzo wa njia ile mbaya.

Tena si lazima mtoto avimbe miguu ndipo tujue kwamba ana njaa ya namna hii. Wengi hudumaa tu kimya kimya. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Hao hawalazwi hospitali. Wako nyumbani, wanachunga mbuzi, wanacheza na wenzao, na kwa kuwa wenzao nao ni wafupi, hakuna anayeona kasoro. Lakini kudumaa si jambo la kimo tu. Mwili ukikosa vifaa vya kujengea katika miaka ile ya kwanza, na ubongo nao hukosa, na mtoto huenda darasani akiwa ameachwa nyuma kabla ya kushika kalamu.

SAMAKI YUPO, LAKINI NANI AMLA?

Huenda msomaji wa kando ya ziwa akasema, “Maneno haya waambie watu wa bara. Sisi samaki tunaye.” Ndugu yangu, mimi nimekaa miaka mingi kando ya Ziwa Victoria, na nimeona kwa macho yangu nyumba ambayo nyavu zaning'inia nje, na ndani mtoto anywa uji mweupe wa muhogo, asubuhi na jioni. Nimejiuliza sana sababu yake. Naona ziko tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba samaki ni fedha. Sangara alipandikizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akaenea sana katika miaka ya 1980, na tangu miaka ya 1990 vikajengwa viwanda Mwanza, Musoma na Bukoba vya kuchuna minofu na kuipeleka Ulaya na nchi nyingine. Mnofu ukiisha kuchunwa, kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo, mkia na ngozi, ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki mzima. Kile kiunzi ndicho tunachokiita mapanki. Mengine hukaangwa au kubanikwa yakauzwa sokoni, na mengine husagwa kuwa chakula cha mifugo. Sato mzuri naye haendi chunguni. Aenda sokoni, ili apatikane karo, chumvi na mafuta ya taa.

Sababu ya pili iko mezani. Samaki akipikwa nyumbani, baba na wageni hupewa sehemu nzuri, na watoto hupewa ugali na mchuzi. Mchuzi una harufu ya samaki na ladha ya samaki, lakini kinachojenga mwili kimebaki katika nyama na mifupa. Sisemi baba huyo ni mtu mbaya. Amekesha majini, amerudi na baridi mifupani, na hakuna aliyemwambia kwamba kipande anachokila kingemfaa zaidi mtoto wake wa miaka miwili. Ndiyo desturi aliyoikuta kwa baba yake.

Sababu ya tatu ni woga wa mama. Aogopa mwiba. Nani asiyejua habari ya mtoto aliyekwamwa na mwiba kooni? Basi mama husema, “Huyu bado mdogo, atakula samaki akikua.” Lakini ile miaka ambayo amnyima ndiyo miaka ambayo mwili wa mtoto wamhitaji samaki kuliko wakati wowote.

Sasa fikiri, msomaji. Ukikausha makombo ya samaki, ukayatwanga yakawa unga laini, ukautia unga huo katika andazi la mtoto, umezishinda sababu zote tatu kwa mara moja. Makombo bei yake ni ndogo. Mwiba haupo, maana umetwangwa na kuchekechwa. Na juu ya yote, andazi la mtoto ni la mtoto. Sijaona bado baba anayemnyang'anya mwanawe kitumbua.

HESABU AMBAYO KILA MAMA AWEZA KUIFANYA

Protini ndicho kile chakula cha kujenga mwili tulichofundishwa shuleni. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ahitaji kiasi cha gramu 13 kwa siku. Wa miaka 4 hadi 8, kiasi cha gramu 19. Si nyingi. Lakini tazama zinapatikana wapi. Gramu 100 za unga wa muhogo zina gramu moja au mbili tu za protini. Unga wa mahindi una nane au tisa, na wa ngano kiasi cha kumi. Dagaa wakavu wana kiasi cha gramu 60 katika kila gramu 100.

Tena protini zote si sawa. Protini ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya namna nyingi. Mahindi na ngano zina upungufu wa tofali moja liitwalo laisini, na fundi akikosa tofali moja, kazi husimama hata kama mengine yamejaa. Samaki ana tofali hilo tele. Ndiyo maana samaki kidogo hufanya mahindi mengi yawe na faida zaidi mwilini. Aidha, samaki husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyo katika nafaka na maharage, na mifupa yake ina kalisi ya kujenga mifupa na meno.

Haya, tuchukue nusu kilo ya unga wa ngano. Ina protini kiasi cha gramu 50. Tukitoa maandazi 20, kila moja lina gramu mbili na nusu. Sasa tia gramu 50 za unga wa dagaa, sehemu moja kwa kumi. Umeongeza gramu 30, na kila andazi sasa lina gramu nne. Mtoto wa miaka mitatu akila maandazi matatu kwa siku, amepata gramu 12, karibu sehemu yake yote ya siku, kabla hajaonja maharage wala maziwa.

Lakini katika muhogo ndiko maajabu yalipo. Nusu kilo ya unga wa muhogo ina protini isiyozidi gramu 8 hivi. Tia zile zile gramu 50 za dagaa, zawa gramu 38, karibu mara tano. Nayasema haya kwa mkazo kwa ajili ya ndugu zetu wanaokula udaga miezi mingi ya mwaka. Muhogo mchungu una sumu, nasi twajua lazima uvundikwe au ulowekwe na kukaushwa vema. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime walishikwa na ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, kwa sababu ya kula muhogo mchungu ambao haukutengenezwa vya kutosha. Mwili wetu huweza kuivunja sumu hiyo kidogo kidogo, lakini kwa kazi hiyo wahitaji vifaa vinavyotoka katika protini nzuri kama ya samaki. Basi mtu anayekula muhogo mtupu amepungukiwa mara mbili: hana cha kujengea mwili, wala hana cha kujikingia. Msinielewe vibaya. Unga wa samaki hauchukui nafasi ya kuloweka muhogo. Yote mawili yatakiwa.

“CHAKULA CHA KUKU?”

Nilipoanza kuwaeleza watu wa jumuiya yetu mambo haya, mzee mmoja, mtu wa heshima sana, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, umesoma, lakini hapo umekosea. Chenga za dagaa ni chakula cha kuku. Wataka kuwapa wajukuu wangu chakula cha kuku?”

Nikamjibu, “Shikamoo babu. Hebu niambie, kuku wako wanaolishwa chenga hizo hali yao ikoje?”

Akacheka. “Wamenona,” akasema.

“Na wajukuu?”

Mzee alinyamaza. Wenzetu walicheka kidogo, kisha nao wakanyamaza. Siku ile sikuongeza neno, maana mzee hakosolewi mbele za watu.

Lakini neno lake latupasa kulifikiri, kwa sababu aibu ni kitu chenye nguvu kijijini. Mwaka 2004 ilitolewa filamu ya Hubert Sauper, mtu wa Austria, juu ya biashara ya sangara wa Mwanza. Ilionyesha minofu ikipanda ndege na watu wakiachiwa mapanki. Watu wengi nchini walikasirika, na Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani mwaka 2006. Tangu hapo neno mapanki limebaki na harufu ya fedheha. Kuna wanawake wanaoyanunua jioni, giza likiingia, wasionekane na jirani.

Mimi naona yatupasa kutenganisha mambo mawili. Kama mvuvi alipwa kidogo na mali ya ziwa yawanufaisha wengine kuliko watoto wa ziwa, hilo ni neno la haki, na haki yatupasa kuidai bila woga. Lakini kula kichwa cha samaki si fedheha. Waislandi na Wanorwe, watu wenye utajiri mkubwa, hukausha vichwa vya samaki wa bahari yao ya baridi na kuviuza, na wanunuzi wakubwa ni watu wa Nigeria, ambao huvipika mchuzi na kuvihesabu kuwa chakula kizuri cha wageni. Huko hakuna anayenunua kichwa gizani. Fedheha ni kitu kingine: ni chakula cha kumponya mtoto kuoza mwaloni, naye mtoto yuko hatua mia kutoka hapo, miguu imevimba.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliwakumbusha Wakristo na watu wote kwamba chakula kinachotupwa ni kama kimechukuliwa mezani pa maskini. Na maskini wa kwanza nyumbani ni yule asiyeweza kusema njaa yake.

Tena nisemeni jambo moja kwa wale wanaodhani kwamba msaada lazima utoke mbali. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani walitengeneza unga wa samaki mzima uliosafishwa kwa dawa mpaka ukawa hauna harufu wala ladha. Mwaka 1967 serikali yao ikaruhusu utumike kama chakula cha watu. Matumaini yalikuwa makubwa kwamba ungeimaliza njaa ya protini duniani. Haukuimaliza. Ulikuwa wa gharama, na watu hawakuwa na hamu nao. Nami naona twapata fundisho hapa. Usianze na unga, ukaenda kumtafutia mlaji. Anza na chakula ambacho mtoto tayari anakililia, kisha utie unga ndani yake.

NAMNA YA KUTENGENEZA UNGA

Haya, tuje jikoni. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni ya chenga za dagaa. Chagua zile za dagaa walioanikwa juu ya chanja au nyavu, siyo juu ya mchanga. Zipepete, utoe mchanga na takataka. Kama zina mchanga, zioshe upesi kwa maji ya uvuguvugu, uzikamue, uzianike tena juani mpaka zikauke kabisa, umezifunika kwa chandarua kwa sababu ya nzi. Halafu zikaange bila mafuta katika kikaango, kwa moto mdogo, mpaka zikatike kwa vidole. Usipite hatua hii, maana moto waua vijidudu na waondoa ile harufu kali. Twanga, chekecha kwa chekeche laini, na kinachobaki juu twanga tena.

Ya pili ni ya vichwa na miiba ya samaki wabichi, sato au sangara. Lazima viwe vibichi vya siku hiyo hiyo. Toa matamvua na magamba, osha kwa maji mengi safi, chemsha kwa ndimu na tangawizi mpaka nyama iachane na mifupa. Kichwa cha sangara kina nyama nyingi mashavuni na kisogoni, na juu ya mapanki hubaki nyama ambayo kisu cha kiwandani hakikuifikia. Ikusanye yote, uichambue, uianike mpaka ikauke kama majani makavu, kisha kaanga na kutwanga kama nilivyosema. Miiba midogo iliyolainika yaweza kutwangwa pamoja. Mifupa mikubwa ya sangara ni migumu. Kinu cha nyumbani hakiiwezi, iache. Chekecha mara mbili, na mwisho sugua unga kati ya vidole vyako. Ukisikia kitu kinachochoma, rudia.

Unga huo utie katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana, mbali na jua. Samaki ana mafuta, na mafuta hayo huchacha. Kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo, wa kutosha wiki tatu au nne. Ukinuka uchachu au ukifanya ukungu, umwage. Hapo usihesabu hasara.

SASA VITAFUNWA

Bagia ndizo rahisi kuliko vyote, kwa kuwa hazina sukari, na samaki hupatana na chumvi na kitunguu. Loweka kunde vikombe vitatu usiku kucha, menya maganda, twanga. Tia unga wa samaki nusu kikombe, vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo, kitunguu saumu, giligilani kama ipo, na chumvi kidogo. Choma katika mafuta yaliyopata moto sawasawa. Wengine hawatajua kuna samaki; watasema tu kwamba leo bagia ni tamu.

Maandazi: unga wa ngano nusu kilo, unga wa dagaa gramu 50, yaani vijiko vikubwa sita hivi, sukari, hamira, na iliki usiibanie. Iliki na tangawizi ndizo zinazoficha harufu ya samaki. Usizidishe unga wa samaki kupita sehemu moja kwa kumi. Andazi litakuwa zito, na watoto watalikataa, na wakilikataa mara moja, kazi yako yote imekwenda bure. Afadhali uanze na nusu ya kiasi hicho, uongeze polepole.

Kashata: karanga zilizokaangwa na kutwangwa vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, unga wa dagaa vijiko viwili vikubwa. Yeyusha sukari, changanya upesi, tandaza, kata. Karanga huimeza ladha ya samaki kabisa. Chagua karanga nzima zisizo na ukungu, kwa maana ukungu wa karanga na mahindi una sumu inayoharibu ini.

Kwa ndugu zetu Wasukuma: saga michembe iwe unga, pika uji wake mzito, utie kijiko cha unga wa dagaa na kijiko cha karanga. Bibi zenu walijua kupika michembe kwa karanga. Ninyi mwaongeza jambo moja tu juu ya hekima yao. Matobolwa yenyewe mwaweza kuwapa watoto pamoja na bagia, wakaenda nazo shuleni mfukoni.

Na sasa maonyo, nayo myashike sana. Mtoto asiyefikia miezi sita apewe maziwa ya mama tu, basi. Akiisha kupita miezi sita, mwanzishie unga wa samaki kwa ncha ya kijiko katika uji, mtazame siku mbili tatu. Akivimba midomo au akitoka vipele, acha, umpeleke zahanati. Mtoto aliyevimba miguu tayari, msimtibu kwa maandazi. Mpelekeni hospitali siku ile ile, kwa sababu mtoto wa namna hiyo akilishwa ovyo aweza kufa. Samaki aliyenunuliwa akiwa na harufu ya dawa ya wadudu, msimle, wala msiwape kuku. Na mapanki yaliyolala juani na kujaa nzi, hata yakitolewa bure, yaacheni.

NENO KWA AKINA BABA NA JUMUIYA

Ninyi akina baba, msidhani makala hii ni ya jikoni, kwa hiyo si yenu. Ninyi ndio mnaojua dagaa wa mtumbwi upi walianikwa mahali safi. Ninyi ndio mwawezao kusimamisha chanja ya miti na nyavu kuukuu nyuma ya nyumba, kazi ya asubuhi moja. Na ninyi ndio mwawezao kukata kipande cha samaki katika sahani yenu na kukitia katika sahani ya mtoto, mbele ya watu wote, ili desturi ianze kugeuka bila maneno mengi.

Akina mama wa jumuiya, kazi hii ni nyepesi ikifanywa kwa pamoja. Wanawake watano wakikusanya chenga za dagaa siku moja, wakazipepeta, wakazikaanga na kuzitwanga, kila mmoja arudi na kopo lake kwa mwezi mzima. Wanaouza maandazi karibu na shule waombwe kujaribu. Nao hawatapata hasara, kwa sababu chenga ni rahisi. Lakini wawaambie wanunuzi wazi kwamba mna samaki ndani, maana wako watoto ambao miili yao haimpokei samaki. Na wakati wa Kwaresima, familia inapojinyima nyama, fedha ile iliyobaki ikinunua kopo moja la unga wa dagaa kwa mtoto wa mjane, nadhani mfungo huo utampendeza Mungu.

Kuhusu yule mzee wa jumuiya yetu: hakuniambia kamwe kwamba amekubali. Lakini wiki chache baadaye mkwewe alikuja kwangu kuazima chekeche, akasema ametumwa na babu. Nikampa. Mpaka leo hajalirudisha, nami sijamdai.

Basi Jumamosi hii, kabla hujawamwagia kuku zile chenga, chota kikombe kimoja, uziweke kando. Kuku wasubiri kidogo.